Nilikuwa Sahihi, na Bado Nilimkosea

Asubuhi ile nilikuwa nimeteremka Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, kununua samaki kabla jua halijapanda. Mashua za omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zinaingia, akina mama wamejaa ukingoni na mabeseni yao. Nikamwona mwenzetu wa kwaya anatoka nyuma ya banda la nyavu na mvuvi mmoja, wanacheka, yeye amembebea jamaa koti. Sikuuliza kitu. Nilirudi nyumbani Nyalenda nikiwa na kesi iliyokamilika kichwani.

Kwa msomaji asiye wa huku ziwani, nieleze. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na kukikucha mwanamke anayetaka mzigo lazima awe na mvuvi wa kumpa. Mashua na nyavu nyingi ni za wanaume; akina mama ndio wanaoanika na kuuza. Samaki wakiadimika, pesa pekee haitoshi, mvuvi anataka na mwili. Hiyo ndiyo jaboya. Kila mtu Kisumu anaijua, lakini kanisani hutajwa kwa kunong'ona tu.

Wiki hiyo hiyo kamati ya akina mama ilikaa, na mimi ndiye niliyesimama. Nilisema, "Nimeona kwa macho yangu." Nikasoma andiko la chachu kidogo inayochachua donge zima. Hakuna aliyenipinga. Jumapili iliyofuata alirudisha sare ya kwaya ndani ya mfuko wa karatasi, ameifua, ameikunja, kola imesimama vizuri. Alinikabidhi mimi kwa sababu mtunza sare nilikuwa mimi. Hakusema neno.

Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo tulikutana tena Agosti, kwenye meza yake soko la Jubilee. Nilitaka gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, nikambania bei kama tunavyofanya sote. Nikamwambia kuna mama pale mbele anauza chini ya hapo. Akaacha kupima, akaniangalia.

"Mama Brian, bei hiyo unayoitaka, mwanamke anaipata ziwani kwa njia moja tu."

Nilimlipa alichotaja nikaondoka. Omena ile ilinishinda kula.

Ilinichukua wiki mbili kupata nguvu ya kwenda kwake. Alinikaribisha, akanipikia chai, kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, yule mwanamume wa Dunga ni kaka yake, tumbo moja. La pili alilisema akiwa ameinamisha uso: "Lakini ulichosema kilikuwa kweli, dada. Si huyo, na si siku hiyo. Ilikuwa Februari, karo ya mtoto iliponibana. Najua ni dhambi, sikuhitaji kikao ili nijue. Mlinitoa kwenye kwaya na hakuna aliyeniuliza nitakula nini."

Nimelifikiria jambo hilo kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Nilikuwa sahihi, lakini kwa kubahatisha tu. Yesu alisema katika Yohana 7:24 tusihukumu kwa macho tu, bali tuhukumu kwa hukumu iliyo ya haki. Macho yangu yaliona koti na kicheko, hadithi iliyobaki niliitunga mwenyewe kisha nikaiita ushahidi. Kwa hiyo nikuombe, ukiitwa kutoa neno juu ya mtu, tenga mambo matatu kabla hujafungua mdomo: ulichokiona, ulichoambiwa, na ulichojazia mwenyewe. Cha tatu kiache nyumbani. Utashangaa unachobaki nacho ni kidogo namna gani.

Wengine, wakishachoka na watu wa aina yangu, hukimbilia Mathayo 7, "Msihukumu," na kufunga mjadala hapo. Siwafuati huko. Sura hiyo hiyo inatuonya juu ya manabii wa uongo na kutuambia tutawatambua kwa matunda yao. Utamtambuaje mtu kwa matunda ikiwa hukubali kuita tunda bovu bovu? Na Waebrania 5:14 inasema watu wazima katika imani akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Zimezoezwa. Ni kazi ya kila siku, kama ya mama anayechambua omena: mkono wake unajua mchanga na samaki hata akiwa anaongea na jirani. Jaboya ni uovu. Inawanyonya wanawake na imeleta maradhi ufuoni. Mwenzetu yule mwenyewe aliiita dhambi mbele yangu, na mimi sikumwambia si dhambi.

Ila kuna swali ambalo kamati yetu haikuuliza: mwanamume yuko wapi? Wale waliomleta mwanamke mbele ya Yesu, Yohana 8, walitaja sheria ya Musa. Sheria hiyo, Walawi 20:10, inawashtaki wote wawili. Walimleta mmoja. Sisi pia tulimleta mmoja, na wenye mashua wanaokaa viti vya mbele kanisani kwetu, ambao sadaka zao tunazipokea kwa makofi, hakuna aliyewaita kuuliza mizigo inagawanywaje alfajiri. Nami mnunuzi niliyeng'ang'ania bei ya chini nilikuwa mle ndani ya mnyororo, nimeshika Biblia. Boriti ya jichoni mwangu ilikuwa na bei ya gorogoro.

Ukiona kosa la mwenzako, Mathayo 18:15 inakupeleka kwake kwanza, wewe na yeye peke yenu. Nimejifunza kwenda bila andiko nililoliandaa na bila shahidi, na kuuliza kabla ya kusema. Pia hujiuliza kama niko tayari kubeba kitu. Wagalatia 6:1 inataka tumrejeze aliyeghafilika kwa roho ya upole, na mstari unaofuata ni wa kuchukuliana mizigo. Kama sitaki hata kuujua mzigo wenyewe, afadhali ninyamaze siku hiyo, niombe kwanza. Hapa nasema juu ya makosa ya watu wazima. Mtoto akiumizwa usiende faraghani kumbembeleza mkosaji. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, au nenda polisi siku hiyo hiyo.

Nilipoanza kuuliza, nikajua kwamba pale ufuo wa Nduru, kaunti yetu hii, akina mama walianza kumiliki mashua zao mwaka 2011 ili wasidaiwe miili yao, hadi mafuriko ya 2020 yalipowahamisha. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunaomba juu ya "roho ya uasherati" bila kutaja mashua. Nilipeleka jambo hilo kwenye kamati ile ile, na kabla ya yote nikawaambia niliwadanganya niliposema nimeona. Chama kilimkopesha dada yetu pesa za kumtangulizia kaka yake mafuta na nyavu, wakubaliane mzigo kwa maandishi. Mkopo bado anaulipa. Kuna miezi unakwama.

Sare nilimpelekea nyumbani kwake. Aliigusa kola, akanirudishia, akasema bado hajawa tayari kusimama mbele ya watu wale. Iko kabatini kwangu, nimeipiga pasi.