Sikwenda hata msibani, nitarudije kwa watu?

Mwanangu wa Tabata,

Unaniandikia kwamba tangu daktari akuambie una sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, umeacha kwaya, umeacha kikoba, simu za rafiki yako unazitazama zikiita hadi zinakatika, na kinachokukata maini zaidi ni kwamba hukwenda kumzika mama yake. Unauliza utarudije kwa watu ilhali huna hamu nao wala uso wa kuwatazama.

Nianze na hamu, maana hapo ndipo unapojichelewesha. Unasubiri irudi ndipo utoke, na sonona kazi yake ya kwanza ni kuiondoa. Kadiri unavyojifungia ndivyo siku zinavyokosa jambo la kukufariji, hadi upweke wenyewe unaonekana kuwa ushahidi kwamba watu hawakutaki. Ipo tiba inayougeuza mwendo huo: mgonjwa hupanga tendo dogo kwa siku na saa maalumu, hulitenda hata kama moyo umelala, na nafuu huja nyuma yake, polepole. Kwa hiyo usianze na kwaya. Watu 30 wanaokuuliza ulipotelea wapi ni mzigo usiouweza kwa sasa. Kesho saa 11 jioni nenda dukani mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, msalimie muuzaji, urudi.

Dawa ulizomeza kwa siku 10 usiziache kwa kuwa hujaona tofauti, kwani kwa kawaida huhitaji wiki kadhaa. Daktari mwambie pia kwamba umejitenga. Wengi humtajia usingizi na chakula tu, wakidhani kujitenga ni tabia yao. Na ukijikuta unawaza kufa, usingoje siku ya kliniki: mwambie mtu wa nyumbani akupeleke hospitali saa hiyohiyo.

Sasa msiba. Pole iliyochelewa ni pole, na kwetu mtu hupokewa hata akija baada ya arobaini. Mwandikie rafiki yako: “Nilikuwa naumwa, sikuweza kutoka ndani. Inaniuma kwamba sikuwa nawe. Naomba nije Jumamosi nikupe pole.” Jina la maradhi si lazima ulitaje. Huenda akakasirika, na kusema kweli ana haki. Mwache aseme, usijitetee. Ukienda, keti nusu saa, uage kabla hujachoka. Kisha niandikie Jumamosi hiyo ilikwendaje, hata kama ilikwenda vibaya.

Shangazi yako