Malengelenge yanarudi kila mara, naona aibu kwenda zahanati

"Shikamoo Anti. Nina miaka 29, niko Mwanza. Mwaka juzi hospitali walinipima wakaniambia nina hepesi ya sehemu za siri, tangu hapo inarudi karibu kila nikikaribia siku zangu. Nesi wa zahanati ya kwetu tunaimba naye kwaya moja, siwezi kwenda pale. Nimepata mtu Instagram anasema mitishamba yake inaitoa kabisa kwa laki mbili na nusu, anataka nimtumie na picha. Mchumba wangu hajui kitu. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Hiyo laki mbili na nusu usiitume, na picha ndo kabisaa usithubutu. Hakuna dawa mpaka leo inayotoa hepesi mwilini, iwe ya hospitali iwe ya mitishamba, kirusi kikishaingia kinajificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo kinakaa huko, kinaibuka ukiwa na stresi, ukiumwa, au kama wewe ukikaribia hedhi. Anayesema anaing'oa anataka hela yako tu, na akishakuwa na picha zako za utupu kesho anakwambia ongeza laki nyingine la sivyo anazisambaza.

Ila wazo la kutibiwa kwa simu sio baya hata kidogo, kwa hali yako naliunga mkono. Wewe ulishapimwa, ugonjwa unajulikana (ungekuwa hujapimwa ningekwambia nenda ukaonekane, maana kaswende nayo inaleta kidonda huko huko na dawa yake ni tofauti kabisa). Tafuta daktari anayetibu kwa simu au video, muombe jina kamili na namba ya usajili uhakikishe yupo Baraza la Madaktari Tanganyika, akikasirika kuulizwa achana naye. Mwambie inarudi mara ngapi, kama una shida ya figo, kama una mimba au unaitafuta, na dawa zingine unazomeza. Akikuandikia cheti chukulia famasi iliyosajiliwa, hata ya mtaa wa mbali.

Dawa yenyewe ni asaiklovia, ya siku nyingi na bei haitishi. Sasa sikiliza hapa maana ndo penye faida yenyewe: inafanya kazi vizuri ukianza ndani ya saa 24, ile unahisi tu kuwashwa au kuchomachoma kabla malengelenge hayajatokeza, sasa ukianza kuzunguka kutafuta daktari na foleni siku mbili tatu zimeisha umeshachelewa. Kwahiyo omba dozi ikae nyumbani kabisa. Mara nyingi ni miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku 5, ila daktari ndo aseme yako. Na kwa vile kwako ni karibu kila mwezi muulize kuhusu kumeza kila siku, 400 asubuhi na 400 jioni, kwa wanaosumbuliwa mara 6 au zaidi kwa mwaka njia hiyo inapunguza kurudi kwa asilimia 70 mpaka 80. Hayo ni maisha mengine mwanangu.

Upime na VVU kama hujapima karibuni, kurudi rudi hivi saa nyingine ni kinga imeshuka. Na jicho likiwa jekundu na kuuma, au kichwa kikigonga sana shingo ikakakamaa, hapo simu weka pembeni kimbia hospitali.

Mchumba lazima ajue, tena kabla ya ndoa, maana inaambukiza hata siku ambazo huna kidonda na kondomu inapunguza tu, haifuniki ngozi yote. Najua unaogopa. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya mtu 1 kati ya 5 wa miaka 15 hadi 49 anayo, wengi hawajui, inawezekana hata yeye anayo. Usimwambie kwa meseji, kaeni siku ambayo hamna haraka, na akiwa na maswali mpigieni huyo daktari pamoja awajibu wote wawili.