Analia kila magharibi, na choo leo siku ya nne

SWALI: Asalaam alaykum. Mwanangu ana wiki sita, ndiye wa kwanza, ananyonya tu. Ikiingia magharibi anaanza kulia huku amekunja miguu, hanyamazi mpaka saa tatu. Leo siku ya nne hajapata choo. Mama mkwe anasema ni mchango, nimpe kijiko cha maji ya mvuje, na maji matupu kidogo kwa joto hili. Nimpe?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Usimpe, yote mawili.

Tuanze na choo. Mtoto anayenyonya tu, akishafika umri huo, tumbo lake hutumia karibu maziwa yote, mabaki huwa haba. Siku nne, hata wiki, si ajabu. Kufunga choo hutazamwa kwa ugumu, si kwa siku: kikija kama cha mbuzi, hapo kuna neno. Kikiwa laini, hata akijikamua mpaka uso ukawiva, mwache. Usimtie kipande cha sabuni nyuma. Ila kama choo chake cheusi cha mwanzo kilichelewa kupita siku mbili tangu kuzaliwa, mwambie daktari, huenda utumbo una kasoro.

Hakikisha anashiba. Hesabu nepi: sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, mkojo usiwe wa manjano iliyokolea. Chanjo za wiki ya sita zimefika, kwa hiyo siku hiyo hiyo tazama uzito wake kwenye kadi. Aongezeke gramu 150 hadi 200 kwa wiki, hapo kuhusu maziwa huna wasiwasi.

Kilio nacho kina majira yake. Huzidi kwenye wiki ya sita, hasa jioni, kisha hupungua mpaka miezi mitatu au minne. Mweke vizuri kifuani: tumbo lake liguse tumbo lako, mdomo upanuke kabisa, kidevu kizame kwenye titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Ukisikia mlio wa ulimi kama anayebusu, anameza hewa. Mtoe kwa kupenyeza kidole pembeni ya mdomo, umuanze tena. Amalize titi moja kwanza. Ukimhamisha haraka haraka hupata maziwa mepesi mengi yenye sukari, na gesi ndiyo hiyo. Kisha mweke begani apige mbweu, dakika tano zatosha. Ukichoka kabisa, mlaze chali pahala salama, utoke nje kidogo. Usimtikise hata siku moja, ubongo huvuja damu.

Maziwa yako karibu asilimia 88 ni maji, kwa hiyo wakati wa joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji matupu humjaza tumbo bila chakula, na yakizidi hupunguza chumvi ya damu hadi degedege. Mvuje ukimezwa na mtoto mchanga unaweza kuharibu damu ikashindwa kubeba hewa. Bi mkubwa akitaka kuufunga kwenye kitambaa kwa ajili ya kijicho, hatugombani naye, bora tu usifike mdomoni. Asali pia marufuku mpaka mwaka utimie.

Nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kuche, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akikataa titi, akitapika kijani, tumbo likivimba na kukaza, choo kikiwa na damu, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia.

SWALI: Wangu wa miezi miwili, jicho moja lina tongo kila asubuhi. Nimpake wanja?
Makunduchi

JIBU: Wanja mwingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu, uache. Huenda kijia cha machozi hakijafunguka. Nawa mikono, weka kidole kwenye pembe ya jicho karibu na pua, sukuma chini taratibu mara kumi, mara tatu kwa siku. Tongo ifute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Wengi hupona kabla ya mwaka. Jicho likiwa jekundu au kope zikivimba, kliniki leo.