Babu Roma na Dola Takatifu ni wawili tofauti

Umeuliza kama babu yake Italia kwenye Hetalia, katuni ya Kijapani ambamo nchi ni wahusika, ndiye huyohuyo Dola Takatifu la Kirumi. Hapana. Babu ni Roma ya Kale: mtu mzima, mwili wa askari, mchangamfu kupita kiasi, na hushuka kutoka mbinguni kuja kuwasalimia wajukuu. Dola Takatifu ni yule mtoto wa kofia na joho jeusi anayempenda Italia mdogo. Majina ndiyo yanayowapoteza watu, kwa hiyo shika miaka: Roma ya Magharibi ilianguka 476, Dola Takatifu, ambalo kitovu chake kilikuwa Ujerumani, likavunjwa 1806. Angalia kwa utaratibu. Vipindi vya 2009 ni vya dakika tano hivi na vinarukaruka karne.