Kamba, jiwe na sakafu ya bahari

Walimu wenzangu wa jiografia, mkifundisha sakafu ya bahari, msianze na bahari yenyewe. Mimi nilianza nayo miaka mitatu mfululizo hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu. Wanafunzi walinakili kutoka ubaoni "mgongo wa bahari" (safu ya milima chini ya maji) na "mfereji" (shimo refu na jembamba la sakafu ya bahari), wakapata alama nzuri, wakasahau.

Mwaka wa nne nilinunua kamba ya mita 30, nikapiga fundo kila mita, nikafunga jiwe mwishoni. Mvuvi mmoja wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikubali kuwapakia wanafunzi wawiliwawili, kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea (hapo msilegeze hata kidogo). Kila baada ya kupiga kasia mara ishirini jiwe linashushwa, mafundo yanahesabiwa, namba inatangaziwa waliobaki ufukweni na madaftari.

Msiishie hapo, kwani kazi yenyewe iko kwenye karatasi. Msichana mmoja ambaye hakukanyaga mtumbwi ndiye aliyeunganisha zile namba akaona kibonde chini ya maji ambacho sisi tuliokuwa juu yake hatukukigundua. Basi nikawasimulia habari za Marie Tharp, Mmarekani aliyechora ramani za sakafu ya bahari. Miaka ya 1950 wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, akawa anachora kwa vipimo vilivyoletwa na wengine. Akaona bonde katikati ya mgongo wa Atlantiki. Mwenzake Bruce Heezen alilikataa mwanzoni. Na bonde hilo lilifanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, hili hili ambamo Kivu imelala! Darasa zima liligeuka kutazama ziwa.

Siku hizi meli hupima kina kwa mwangwi wa sauti, ambayo majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Kanuni iandikeni baadaye. Kwanza waambieni wanyamaze, pigeni kofi, wahesabu hadi 15: ndizo sekunde ambazo sauti huhitaji kushuka hadi chini ya Mfereji wa Mariana, mahali penye kina kirefu kuliko pote baharini, karibu kilomita 11, na kurudi. Kwa Kivu, ambayo kina chake kirefu kabisa ni karibu mita 480, haitimii hata sekunde moja. Kimya kile wananitajia mpaka leo.

Somo la mwisho tulifanyia kando ya Ruzizi, mto unaotoka Ziwa Kivu. Maji yake huingia Ziwa Tanganyika, hutokea kwa mto Lukuga hadi mto Lualaba, huwa mto Kongo, kisha Atlantiki, ambako korongo la chini ya bahari huanzia ndani kabisa ya mdomo wa mto. Januari 2020 tope liliporomoka katika korongo hilo zaidi ya kilomita 1,100, likakata nyaya za intaneti.

"Mwalimu, tope la milima yetu lilikuwemo?" mmoja akauliza.

Nikamwambia kwamba tope la Ruzizi kwa sehemu kubwa hutua Tanganyika. Akataka kujua kina cha huko. Karibu mita 1,470, nikajibu. Akafumba macho, akapiga kofi, akahesabu: moja, mbili.