Uamuzi Uliopikwa Kabla ya Kikao

Wiki iliyopita hazina ya wafanyakazi wa kampuni ya uwakala wa forodha ninayofanyia kazi hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilirudishiwa sehemu ya mwisho ya fedha tulizokuwa tumelipa kama arubuni ya kiwanja kimoja karibu na Tororo, upande wa Uganda. Wenzangu walishangilia, mmoja akaniambia, "Madamu, Mungu ni mkubwa," kisha kila mtu akarudi kwenye makontena yake. Hakuna aliyetaja kwamba yuko mtu aliyeupinga ununuzi ule tangu siku ya kwanza, na kwamba mtu huyo ni mimi. Sitaficha kwamba jambo hilo limeniuma. Hata hivyo naandika pia kwa ajili yenu mnaotaka kupanda vyeo na kuketi kwenye kamati zenye uzito, kwa sababu kikao kama kile kilichoupitisha ununuzi huo kinawasubiri.

Wazo la kiwanja lililetwa na mkuu mmoja wa idara, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa hazina. Sina ugomvi na wazo lenyewe, maana nani hapa kwetu hatamani kipande cha ardhi? Kilichonitia shaka ni namna lilivyoletwa. Ajenda tuligawiwa asubuhi ya siku ileile, na kiwanja hakikuwamo. Kilikuja mwishoni kabisa, chini ya "Mengineyo", saa saba mchana ikikaribia, pilau imeshafunuliwa barazani na harufu yake inaingia madirishani. Mwenyekiti akatuambia kwamba muuzaji ana mnunuzi mwingine anayefika kesho yake kutoka Mbale, na kwamba mkurugenzi ameshalibariki jambo lenyewe. Kisha akampa nafasi ya kwanza msimamizi wa ghala, aliyelisifu wazo kwa maneno yaleyale ya mwenyekiti, na baada yake akainuka mwingine ambaye hakuzungumzia kiwanja hata kidogo, bali alimvika mwenyekiti kilemba cha ukoka hadi mwenyewe akaona haya.

Mimi nikauliza swali moja: mke wa muuzaji ametia sahihi? Halikuwa swali la uchokozi. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya 2004, inakataza kuuza ardhi ambayo familia inaishi au inaitegemea kwa riziki bila ridhaa ya mume au mke. Mwenyekiti akanitazama, akatabasamu, akasema, "Madamu, mbona huwaamini wenzako?" Watu wakacheka.

Litazameni jibu hilo vizuri. Swali lilihusu karatasi, jibu likahusu tabia yangu. Katika dalili zote ambazo nimejifunza kuzitambua, hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine, kwa sababu mtu mwenye karatasi huitoa, na asiye nayo hukugeuza wewe kuwa ajenda. Tangu dakika ile, kila aliyekuwa na shaka juu ya kiwanja alijua kwamba akifungua mdomo atahesabiwa upande wa yule mwanamke asiyewaamini wenzake.

Kura nayo ilikuwa na ujanja wake. Hatukuulizwa ni nani anaunga mkono, tuliambiwa, "Anayepinga anyooshe mkono." Tuliokuwapo katika uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji nchini Uganda wa mwaka 2018, ule wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, tunajua maana ya kuchagua huku jirani, shemeji na mwenye duka anayekukopesha sukari wanakutazama. Ofisini mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa anayekutazama ndiye anayepanga zamu zako na kusaini likizo yako. Mkono wangu ulikuwa juu. Mkono wa mhasibu wetu, kijana ninayemheshimu sana, uliinuka hadi usawa wa bega, ukasita, kisha ukaenda kukuna shingo. Kumbukumbu za kikao zilipotoka ziliandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Arubuni ililipwa, mpimaji alipokwenda kwenye kiwanja alimkuta mke wa muuzaji na wanawe wakubwa hawana habari yoyote ya mauzo, na tangu hapo ikawa ni safari za kwa mwenyekiti wa kijiji na ahadi za kulipwa kidogo kidogo.

Simlaumu mhasibu. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, huko Marekani, aliwaketisha watu katika makundi na kuwauliza ni mstari upi katika mitatu unaolingana kwa urefu na mstari mmoja wa mfano. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto, lakini wote waliokuwa kwenye kundi, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa kauli moja. Yule mmoja asiyejua mpango alifuata uongo wao, kwa wastani, katika takriban theluthi moja ya raundi ambazo walidanganya. Lakini Asch alipoweka kwenye kundi mtu mwingine mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Kwa hiyo msidhani kwamba mnahitaji kushinda ukumbi mzima. Mnahitaji mtu mmoja, na mtu huyo hapatikani ndani ya kikao huku mwenyekiti akiwakodolea macho, anatafutwa kabla, kwenye chai, kwa swali la kawaida kama "Wewe hili la kiwanja unalionaje?" Wapishi wa maamuzi hufanya hivyo kila siku, na yule msimamizi wa ghala hakuota maneno yake usiku.

Ni lazima pia niseme, ili msije mkaona njama katika kila kikao kifupi, kwamba sisi tunaofanya kazi mpakani tunaamua mambo mazito kwa haraka kila siku. Lori likikwama kwa sababu ya kosa kwenye tamko la forodha, hatuna nafasi ya kuunda kamati. Ila haraka ya namna hiyo inaonekana kwa macho: nyaraka ziko mezani, tarehe ambayo gharama za kuhifadhi mzigo zitaanza kuhesabiwa imeandikwa, na karani mgeni wa wiki moja anaweza kuisoma mwenyewe. Mnunuzi wa Mbale hakuwa na jina, hakuwa na simu, na hadi leo hakuna aliyewahi kumwona. Mtu akikuharakisha, mwombe akuonyeshe kinachomharakisha yeye. Ukiambiwa kwamba mkubwa amebariki, uliza kwa adabu alibariki lini na kwa maandishi gani.

Pingamizi lako nalo liandikwe. Mwambie katibu, kwa sauti ambayo wote wataisikia, "Naomba iandikwe kwamba nimeuliza kuhusu ridhaa ya mke na sijajibiwa." Akikataa, tuma barua pepe fupi siku hiyohiyo kwa katibu na mwenyekiti, bila ukali na bila lawama, ukirudia swali lako lilelile. Mimi nilituma, na hazina ilipodai fedha zake, barua ile ndiyo iliyoonyesha kwamba shaka ilitolewa mapema na kwa nani. Vijana wengi huniambia kwamba wanaogopa kuitwa wapinzani. Mtaitwa. Mimi bado naitwa hivyo, na kuna watu ambao hadi leo hawaniiti kwenye chai.

Sasa kanuni za hazina zimebadilishwa: ajenda hutolewa siku saba kabla, hakuna matumizi yanayopitishwa chini ya "Mengineyo", na kura za fedha nyingi ni za siri, kwa vikaratasi ndani ya boksi la karatasi za mashine ya kuchapisha. Niliyaandika mapendekezo hayo mwenyewe, usiku, nyumbani kwangu. Mwenyekiti ni yuleyule, na katika kumbukumbu za kikao kilichoyapitisha yameandikwa kwa jina lake.