Jibu: Nina mshahara, fikra za ujasiriamali za nini?
Ndugu, umeuliza mtu mwenye ajira ya uhakika, asiye na mpango wa kufungua biashara, ana sababu gani binafsi ya kufikiri kijasiriamali. Anazo, na kwangu mimi pesa haikuwa ya kwanza.

Ya kwanza ilikuwa kuchoka kusubiri. Nilikuwa nikiona kasoro kazini nalalamika, kisha nangoja bosi naye aione. Siku nilipoanza kujiuliza "hili nikilitatua mimi, nani atafaidika, na litanigharimu nini?" kinyongo kikaanza kuniisha. Ukilizoea swali hilo, hata namna unavyomsikiliza mtu inabadilika: malalamiko yake yanakuwa taarifa. (Mke wangu anasema sasa nimezidisha.)

Pesa nayo imo, tusidanganyane. Mwajiri mmoja ni sawa na mteja mmoja. Akiondoka, umebaki mikono mitupu. Ukijiona hivyo, utautazama ujuzi wako na akiba yako kwa jicho jingine.

Ila neno lenyewe, ujasiriamali, limebeba ujasiri na mali, na wengi tunashika ujasiri tukasahau hesabu. Mimi niliwahi kutia akiba yote kwenye wazo ambalo sikuwa nimemuuliza mnunuzi hata mmoja. Ikateketea. Siku hizi najaribu kwa kiasi ambacho kikipotea bado nitapata usingizi.

Kama kinachokusukuma ni kumkimbia bosi tu, hapo nina wasiwasi, maana wateja nao ni mabosi, tena wengi. Hebu tuambie, kwako ni kipi hasa?